Mwalimu, ni nini kinachoalika chini ya maji?

Mnamo mwaka 1994, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya pwani ya kusini mwa Kenya, niliwapeleka wanafunzi wangu ufuoni wakati wa bamvua. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka karibu na mwamba, na kazi yetu ilikuwa kuchora ramani ya ufuo kwa ajili ya somo la Jiografia. Mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, aliacha daftari lake juu ya jiwe, akapiga magoti kando ya dimbwi na kutia sikio moja majini. Alikaa vile kwa muda, kisha akainua kichwa na kuniuliza, "Mwalimu, ni nini kinachoalika huku chini?"

Nilimjibu pasipo kusita kwamba ni mawimbi yanayosukumasukuma kokoto. Alinitazama kwa ile adabu ambayo watoto wa pwani hufunzwa mapema, akasema, "Naam, mwalimu," akaliokota daftari lake. Dimbwi lile lilikuwa limetulia kama maji ya mtungi. Hapakuwa na wimbi, wala hapakuwa na kokoto. Yeye aliliona hilo, nami nililiona, lakini mmoja wetu alikuwa mwalimu na mwingine mwanafunzi, na kwa hivyo jibu la uongo likashinda.

Miezi michache baadaye nilimsimulia kisa hicho mzee mmoja mvuvi. Alicheka, akaniambia kwamba ukilala usiku ndani ya mashua iliyotia nanga penye mwamba, sikio likiwa juu ya mbao, utasikia mlio huohuo hadi alfajiri. "Ni bahari inakaanga, mwanangu," alisema. Nikamuuliza inakaanga nini. "Ya kwake," akajibu.

Maelezo ya mzee yule yalikuwa bora kuliko yangu, kwa sababu yalitokana na kusikiliza. Mlio wenyewe kwa kweli ni kama wa mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, au bisi zinazopasuka ndani ya sufuria yenye kifuniko. Wanaoutoa ni kamba wadogo sana, wengi wao hawapiti urefu wa kidole, wa jamii ambayo wanasayansi huiita Alpheidae. Kila mmoja ana magando mawili, moja dogo la kawaida na jingine kubwa ajabu, ambalo aghalabu hukaribia nusu ya urefu wa mwili wake. Gando hilo kubwa ndilo linaloalika.

Nilipokuja kulijua jambo hili kutoka vitabuni, nilifurahi kama mtu aliyelipa deni la zamani. Kwa miaka kadhaa niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba kamba huyu hupiga vidole viwili vya gando lake, kimoja juu ya kingine, na mgongano huo ndio mlio. Hapo tena nilikuwa nimekosea, ijapokuwa safari hii nilikosea pamoja na mabingwa. Mwaka 2000 wataalamu wa Uholanzi na Ujerumani, akina Michel Versluis, Barbara Schmitz na Detlef Lohse, walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Science. Walikuwa wamempiga kamba huyo picha zaidi ya 40,000 kwa kila sekunde moja, huku wakinasa sauti yake kwa kipaza sauti cha majini. Walichokiona kiliwafanya watu wengi wafute mistari katika vitabu vyao.

Kidole cha juu cha gando kina jino, na kidole cha chini kina tundu linalolingana na jino hilo. Gando likifunguka, tundu hujaa maji. Misuli ikikazwa na kuachiliwa, jino huingia tunduni kwa ghafla, na maji yaliyokuwamo hufukuzwa nje kama mshale. Kasi yake ni takribani mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa. (Matatu zetu zimewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, kwa hivyo kamba huyu angekamatwa na polisi wa trafiki kila siku.) Penye mwendo mkali kiasi hicho, kani ya maji hushuka mno hata povu moja la mvuke likatokea. Povu hilo hutanuka, kisha maji ya pembeni huliminya na kuliangamiza. Mlio tunaousikia ni wa povu linapokufa. Vidole vya gando vinapokutana havitoi sauti ya kutajika hata kidogo.

Mwaka uliofuata, 2001, Schmitz, Versluis na Lohse walionyesha kwamba povu hilo likifa hutoa pia mmweko wa nuru, mdogo na mfupi kiasi kwamba jicho la binadamu haliwezi kuuona, na kwamba ndani yake joto hupita nyuzi 5,000 za Kelvini. Naomba mwanafunzi wa Fizikia asome sentensi hiyo mara ya pili. Kiumbe anayeishi chini ya jiwe katika dimbwi la Diani au Watamu hutengeneza, kwa muda mfupi usiosemeka, joto linalokaribia lile la uso wa jua, kisha hurejea kufagia mchanga mlangoni mwake.

Silaha hiyo huitumia kuwazubaisha kaa wadogo, minyoo na visamaki vinavyopita karibu, na pia kumwonya jirani asivuke mpaka. Mara nyingi huishi wawili wawili, dume na jike, katika shimo moja. Na iwapo kamba atanyang'anywa gando kubwa katika vita, lile dogo la upande wa pili huanza kukua kila anapojivua gamba, likawa ndilo kubwa, na mahali pa lile lililopotea pakaota dogo. Aliyekuwa wa mkono wa kulia huwa wa mkono wa kushoto. Sijawahi kulieleza jambo hili darasani bila ya mkono fulani kuinuka.

Hebu sasa tutembee, maana jambo ninalotaka kulisema linahusu mahali. Kamba hawa hawaishi mahali pamoja wala si wa aina moja. Aina zinazojulikana duniani zimepita 600, na nyingi zake ni za bahari za joto, katika maji yasiyo na kina kirefu. Mtu akianzia mikokoni wakati maji yamekupwa atawakuta wale wanaochimba matope kati ya mizizi. Akitoka hapo na kuingia penye nyasi za baharini, atakuta wengine wenye mashimo mchangani. Akifika mwambani na kugeuza kipande cha tumbawe lililokufa (naye akirudishe kama alivyokikuta, tafadhali), atakuta wengine tena, walio bapa kidogo, wenye rangi tofauti. Wapo wanaoishi ndani ya vitundu vya sifongo tu. Wapo wanaoshikilia wanyama wenye mikono kama manyoya ya ndege, ambao ukiwatazama kwa haraka utadhani ni mmea.

Wapo pia wanaokaa kati ya matawi ya matumbawe yaliyo hai. Alpheus lottini ni mmoja wao. Huyu huishi katika matumbawe ya jenasi ya Pocillopora, pamoja na kaa wadogo wenye makao hayohayo, na wote kwa umoja huilinda nyumba yao. Anapokuja yule kiti cha pweza mwenye miiba mingi, mla matumbawe, kamba humwalikia na kaa humbana miguu, mpaka mara nyingi huamua kutafuta tumbawe lisilo na wapangaji. Mpangaji anayepigana kwa ajili ya nyumba ya mwenyewe ni nadra kwetu sisi wanadamu wa mijini.

Katika mchanga ulio kati ya matumbawe kuna ushirika mwingine, nao unapatikana katika Bahari ya Hindi yote, tangu Bahari ya Shamu hadi kwetu na kuvuka hadi Pasifiki. Kamba huchimba shimo na kulisafisha mchana kutwa, akitoa mchanga kama tingatinga, lakini macho yake ni hafifu mno. Samaki mdogo hukaa mlangoni akiangaza. Kamba akitoka na mzigo wake, huweka papasi moja juu ya mwili wa samaki na haiondoi. Samaki akiona hatari hutikisa mkia, na kamba hurudi ndani mara moja. Hatari ikizidi, samaki naye humfuata. Mmoja ametoa nyumba, mwingine ametoa macho. Ilan Karplus, mtaalamu wa Israeli, alitumia miaka mingi kuuchunguza ushirika huu katika Bahari ya Shamu.

Ukitazama ramani ya pwani yetu utaona mara moja kwa nini mambo haya hayawezi kuwa sawa kila mahali. Kutoka mpaka wa Tanzania hadi Malindi, mwamba huandamana na ufuo, ukikatizwa tu palipo na hori na milango ya bahari. Kuanzia Malindi kwenda kaskazini, mto Sabaki na mto Tana huleta udongo, na ghuba ya Ungwana ikawa nchi ya matope na ya kamba wale wengine, wakubwa, wanaoliwa na kuuzwa. Mbele yake ipo Lamu na mikoko yake, iliyo mingi kuliko ya kaunti nyingine yoyote. Kila badiliko la sakafu ya bahari ni badiliko la wakazi.

Jambo hili la mahali na wakazi wake lilifahamika kwa njia ya vita. Katika miaka ya 1940 jeshi la majini la Marekani lilikuwa likisikiliza nyambizi kwa vyombo vya chini ya maji, nalo likasumbuliwa na mlio uliofunika kila kitu. Wataalamu waliotumwa kuuchunguza, Martin Johnson, Alton Everest na Robert Young, walieleza mwaka 1947 kwamba chanzo chake ni kamba hawa, na kwamba mlio hupatikana katika bahari za joto, penye maji yasiyozidi mita 55 hivi kwenda chini, na hasa penye sakafu ya mawe, matumbawe au makombe. Penye matope matupu au mchanga mtupu hupungua sana. Kwa maneno mengine, walichora ramani ya viumbe wasiowaona, kwa masikio tu. Yule mvulana wangu wa mwaka 1994 alikuwa ameanza kazi hiyohiyo, nami nikamkatiza.

Ama kuhusu pwani yetu, orodha ya kamba hawa wa magharibi mwa Bahari ya Hindi ilichapishwa mwaka 1983 na Albert Banner na mkewe Dora, waliofanya kazi yao Hawaii. Ni kazi ya kuheshimiwa, iliyojengwa juu ya vielelezo vilivyokusanywa na kuhifadhiwa kwa miaka mingi. Lakini kielelezo kilichotiwa katika spiriti hupoteza rangi, na rangi ndiyo mara nyingi hutenganisha aina moja na nyingine. Nancy Knowlton na wenzake, waliowachunguza kamba hawa pande mbili za Panama, walibainisha kwamba kiumbe tuliyedhani ni wa aina moja huweza kuwa wa aina mbili au tatu, wanaotambuana wao wenyewe ijapokuwa sisi hatuwatambui. Hata Alpheus lottini niliyemtaja amegunduliwa kuwa ni jamii ya aina kadhaa zilizofichwa chini ya jina moja. Orodha inayotokana na chupa za makumbusho haina budi kurudiwa na mtu aliyechutama ufuoni na kumwona kamba akiwa hai.

Na nani anaweza kuchutama ufuoni kwa wepesi zaidi ya mtoto anayezaliwa hapo? Hapa ndipo ninapotaka kugombana kidogo na walimu wenzangu, nami nikiwa wa kwanza kushtakiwa. Mtoto wa pwani huujua mlio huu kabla ya kuanza shule. Ameusikia katika mtumbwi wa babake, ameusikia akipiga mbizi. Anaujua kwa Kidigo, kwa Kigiriama, kwa Kibajuni, kwa Kiswahili. Kisha huingia darasani, na baada ya miaka ya mwanzo sayansi yote huja kwake kwa Kiingereza, pamoja na michoro ya viumbe wa mahali pengine. Kamba wa kitabuni na kamba wa dimbwini hawakutanishwi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi ajifunze kutokana na mazingira yake, nami naliunga mkono jambo hilo kwa mikono miwili. Ila mazingira hayo hayatajifundisha yenyewe. Mwalimu anayeogopa kuulizwa swali asilolijua atawaweka watoto ndani, na mimi nilikuwa mwalimu wa namna hiyo.

Najua kuna watakaosema kwamba katika nchi yenye madarasa yasiyo na madawati, habari za kamba wasioliwa ni anasa. Ningekubaliana nao kama kamba hawa wangekuwa wanapiga kelele za bure. Mwaka 2005 Stephen Simpson na wenzake walieleza jaribio walilolifanya kule Australia: walijenga vilima vidogo vya mawe ya tumbawe chini ya maji, katika baadhi yake wakapiga kanda ya sauti za mwamba, zikiwamo za samaki na za kamba hawa, na vingine wakaviacha kimya. Samaki wachanga waliokuwa wakirudi kutoka bahari kuu walikwenda kwa wingi zaidi penye sauti. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ilibainika kwamba mwamba wa Australia uliokumbwa na vimbunga na kupauka ulikuwa umepoteza sehemu kubwa ya sauti yake, na kwamba sauti hiyo dhaifu haikuwavutia samaki wachanga kama ile ya zamani. Changu na tafi anaowategemea mvuvi wa Msambweni nao huanza maisha yao wakielea mbali na mwamba, na hawana budi kuutafuta.

Sisi nasi tumepata yetu. Mwaka 1998 maji ya pwani yetu yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakapauka na sehemu kubwa ikafa. Udongo wa mashamba ya bara unaendelea kushuka kwa Sabaki. Wageni na wenyeji hukanyaga mwamba wakati wa bamvua kana kwamba ni barabara ya mawe. Katika hali hii, darasa linalokwenda mahali palepale kila mwezi, maji yakiwa yamekupwa, likahesabu milio ya dakika moja na kupima joto la maji, litakuwa limeanza kumbukumbu ambayo mtafiti yeyote wa Mombasa angeipokea kwa shukrani. Sharti joto lipimwe, kwa kuwa kamba hawa hualika zaidi maji yakipata joto, na bahari yenye makelele si lazima iwe bahari yenye afya. Kifaa cha kusikilizia kinaweza kuwa kafi la mtumbwi lililotiwa majini na mpini wake kuwekwa sikioni. Hilo halihitaji fedha za serikali.

Limebaki suala la jina. Nimewauliza wavuvi wa sehemu mbalimbali, na wengi waliniambia "kamba" tu, kisha wakaalisha vidole ili nielewe ni kamba yupi. Waandishi wetu wakiachiwa kazi hii watatafsiri kutoka Kiingereza na kutuletea "kamba bastola", na baada ya hapo hatutalitoa. Ilhali lugha yetu ina neno lililokuwa likimngojea kiumbe huyu. Kualika, mbali na kuita wageni, ni kutoa mlio mkali wa ghafla. Tunaalisha vidole, na wazee walisema kualisha mtambo wa bunduki. Yule mvulana hakulitafuta neno lake, lilimjia. Na kama ndege anayegong'ota miti aliitwa kigong'ota, sioni kwa nini kamba huyu asiitwe kialika, na wakiwa wengi vialika. Wenye lugha wataamua.

Hata hivyo, sitaki kutunga jina ikiwa tayari liko. Yamkini mahali fulani kati ya Kiunga na Vanga yuko bibi mwenye kuokota kombe, au mchokoa pweza, anayemwita kamba huyu kwa jina alilorithi kwa wazee wake. Walimu wa Faza, Kipini, Takaungu, Gazi na Shimoni, waulizeni wanafunzi wenu wakawaulize nyumbani jioni ya leo, nanyi mniandikie kupitia mhariri. Andikeni jina, andikeni mahali, na mseme kama ni wa mikokoni, wa nyasini au wa mwambani, kwa sababu huenda kwa wenyewe hao si mmoja.